Je, Sala ya Mazoea ni Sala?

Wasomaji wetu, leo twawaletea swali ambalo hatukulitunga sisi. Tuliulizwa, na siku ile tulipoulizwa hatukulijibu. Au tuseme kweli, tulilijibu vibaya. Twaomba mtuvumilie tukijaribu kulijibu hapa, ijapokuwa tumechelewa.

Katika shule yetu siku huanza kwa kengele, na kengele yenyewe ni kipande cha reli kilichotundikwa katika mwembe. Ikilia mara ya kwanza wanafunzi huamka na kunawa. Ikilia mara ya pili huingia kanisani. Huimbwa wimbo mmoja, husomwa Zaburi na sehemu ya Injili, kisha huja maungamo, Sala ya Bwana, na maombi ya siku. Baadaye watu hutoka kwenda kufagia uwanja na kunywa uji. Mambo yote hayapati nusu saa. Ndivyo ilivyokuwa tulipokuwa wanafunzi, na ndivyo ilivyo sasa tukiwa walimu, wala hatukumbuki ya kuwa tuliwahi kuuliza kwa nini iwe hivyo.

Basi asubuhi moja, wenzake walipokwisha kutoka, kijana mmoja wa kidato cha tatu alibaki nyuma karibu na mlango. Akatuamkia, tukamwitikia, tukamwuliza ana shida gani. Akasema, "Mwalimu, naomba ruhusa nisiingie tena katika sala za asubuhi." Tulidhani labda ameiacha imani, au amepata marafiki wa kumcheka. Akakana. "Naamini, Mwalimu. Lakini nikiyasema maneno yale moyo wangu haupo. Kinywa chasali, na moyo wafikiri uji. Naona namdanganya Mungu kila siku. Je, si afadhali ninyamaze, nisubiri siku ambayo moyo utataka wenyewe?"

Tukamjibu neno lile ambalo walimu hulisema wakiishiwa na maneno, ya kuwa hiyo ni sheria ya shule. Kijana akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Kesho yake alikuwa mahali pake kama kawaida, ila midomo yake haikutikisika.

Jibu letu lile limetutia haya tangu siku hiyo, maana swali lake si la kitoto. Watu wazima wengi wamelikata swali hilo kimyakimya, wala hawakuomba ruhusa kwa mwalimu yeyote. Waliacha sala ya jioni kwa sababu ya uchovu, halafu ya asubuhi kwa sababu ya haraka, kisha wakajiambia ya kuwa Mungu hutazama moyo, basi maneno hayana haja. Kijana yule angalau alikuja kuuliza. Tena alikuwa akijionea uchungu, na mtu asiyejali sala hawezi kuona uchungu kwa kuwa ameisali vibaya.

Kwanza hatuna budi kukiri ya kuwa ana mashahidi wakubwa upande wake. Nabii Isaya na nabii Amosi waliwaambia watu wa zamani zao ya kuwa Mungu amechukizwa na sikukuu zao na nyimbo zao. Bwana wetu mwenyewe aliwakataza wanafunzi wake wasirudierudie maneno ovyo, kama watu wadhanio ya kuwa watasikiwa kwa wingi wa maneno. Akawaonya juu ya wale wapendao kusali penye njia panda ili waonekane. Mtu hawezi kuyasoma hayo kisha akasema ya kuwa mazoea peke yake yatosha.

Walakini tukiyatazama vizuri twaona ya kuwa manabii hawakuwakemea watu kwa sababu mawazo yao yalitangatanga wakati wa ibada. Waliwakemea kwa sababu waliwaonea maskini na kuwanyima mayatima haki, kisha wakaja hekaluni na mikono ile ile. Isaya azungumza habari za mikono yenye damu, si habari za mawazo ya uji. Na wale wa njia panda, kosa lao halikuwa kwamba mioyo yao ilikuwa mbali. Ilikuwapo pale pale, nayo ilikuwa ikiwatafuta watazamaji. Kwa hiyo pana mioyo ya namna mbili, na kijana wetu aliichanganya. Upo moyo usiokuwapo, na upo moyo ulio kinyume.

Tutoe mfano ulio karibu. Mtoto apita njiani amejitwika ndoo ya maji, akutana na mzee, asema, "Shikamoo." Wasemao asili ya neno hilo hutuambia ya kuwa maana yake ni kuishika miguu ya mkubwa. Je, mtoto yule wakati ule ameiwaza miguu ya mzee? Hata kidogo. Amewaza maji yasimwagike. Mzee aitikia, "Marahaba," naye labda awaza ng'ombe wake. Hapana hata mmoja kati yetu atakayesema ya kuwa mtoto yule ni mnafiki. Mnafiki ni yule aamkiaye kwa sauti tamu huku akijua ya kuwa usiku atakwenda kuuhamisha mpaka wa shamba la mzee huyo huyo. Sasa tuseme mtoto wa nyumbani kwako akwambia, "Baba, tangu leo sitakuamkia mpaka nitakaposikia heshima moyoni mwangu, maana sipendi kukudanganya." Je, utamsifu kwa ukweli wake? Utajua ya kuwa baada ya mwezi mmoja hatakuwa na salamu wala heshima. Nasi wazazi hatuwaamrishi watoto kuamkia kwa sababu twadhani ya kuwa mioyo yao imekwisha kujaa heshima. Twawaamrisha ili heshima ipate mahali pa kukaa itakapokuja, nayo huja, mara nyingi mtoto akiwa amekwisha kuwa mtu mzima na mzee hayupo tena.

Majirani zetu Waislamu wana neno moja hapa ambalo Kiswahili chetu sote kimelipokea, nalo ni nia. Mtu hatakiwi awe na furaha au machozi ndipo aingie katika swala. Yampasa atie nia. Muadhini aadhini alfajiri, na mvuvi, na mchuuzi wa mihogo, na mzee mwenye maumivu ya magoti waamka, kila mmoja na moyo wake ulivyo siku hiyo. Hatukusudii kulinganisha dini hapa, wala si mahali pake. Twasema tu ya kuwa sisi Wakristo wa pwani tumeisikia sauti ile ya alfajiri maisha yetu yote tukiwa tumejifunika shuka, na ingefaa itutie haya kidogo. Nia ni kitu ambacho mtu aweza kukileta kila siku. Moto wa moyo hauko katika uwezo wake, hupewa.

Tena neno hilo si geni katika Kanisa letu. Yapata mwaka 412, Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Algeria, Mwafrika kama sisi, alimwandikia barua mama mmoja mjane wa Kirumi jina lake Proba, aliyekuwa amekimbilia Afrika baada ya Roma kutekwa mwaka 410. Mama huyo alitaka kujua jinsi ya kusali. Augustino alimweleza ya kuwa Mungu hahitaji maneno yetu ili ajue tunalolihitaji. Sisi ndio tuyahitajio. Shughuli za dunia huipoza hamu yetu kwa Mungu, kwa hiyo kwa saa zilizowekwa twairudisha akili katika kazi ya sala, twajikumbusha kwa maneno, ili kile kilichoanza kupoa kisije kikazizima kabisa. Tazameni ya kuwa askofu huyo hashangai akisikia ya kuwa moyo hupoa. Aona ni jambo la kila mtu, na saa za sala ndiyo dawa yake. Tena asifu desturi ya ndugu wa Misri, waliosali mara nyingi lakini kwa ufupi sana, wasije wakachosha uangalifu wao kwa kurefusha.

Yapata miaka 100 na zaidi baadaye, Benedikto huko Italia aliwawekea watawa wake kanuni, wazimalize Zaburi zote kila juma, usiku na mchana. Naye aliwaagiza waangalie nia zao zipatane na sauti zao. Agizo hilo tumelifikiri sana. Sisi tungedhani angeagiza sauti ipatane na moyo, yaani useme lile tu ulionalo ndani. Yeye aliligeuza. Sauti yatangulia, ikiwa imeshika maneno mema yaliyo makubwa kuliko sisi, nao moyo waambiwa uifuate. Na mwaka 1549, Thomas Cranmer alipotengeneza Kitabu cha Sala cha Waingereza, alizikusanya saa zile nyingi za watawa kuwa sala mbili, ya asubuhi na ya jioni, ili mkulima na fundi nao wapate kuzishika, na Zaburi zikagawanywa zisomwe zote kwa mwezi. Hiyo ndiyo asili ya nusu saa yetu ile chini ya mwembe.

Lakini labda kijana atasema, "Hao ni maaskofu na watawa." Basi na tuje karibu, tena kwa vijana wa umri wake.

Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882 walilazimika kuondoka, wakahamia kusini ya Ziwa Nyanza, wala hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa muda upatao miaka 3 wale waliowafundisha hawakuwa na padre, wala Misa, wala mtu wa kuwaungamisha. Kwa hesabu ya kibinadamu imani changa kama ile ilikuwa ife. Mapadre waliporudi waliwakuta Wakristo wamezidi. Watu kama Joseph Mukasa, Andrea Kaggwa na Matiya Mulumba walikuwa wamewakusanya wenzao, wakiwafundisha na kusali pamoja, kwa maneno yale yale waliyoyashika kwa moyo. Huko Buganda neno la kusoma lilikuwa na maana mbili, kusoma kitabu na kusali, na Wakristo wa madhehebu yote mawili, Wakatoliki na Waanglikana, waliitwa wasomaji. Hebu fikirini maisha yao: vijana wa ikulu, wenye kazi tangu alfajiri, kati ya watu wengi wasiokuwa na imani hiyo, wakiiba nafasi ya kurudia sala walizozijua tangu jana na juzi. Hatuwezi kuamini ya kuwa katika miaka 3 hiyo kila asubuhi mioyo yao iliwaka. Walikuwa watu. Bila shaka zilikuwapo asubuhi nyingi za mawazo ya uji.

Ndipo ikaja saa ambayo hapana aliyeichagua. Joseph Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mahali pake pa kuwaangalia vijana pakashikwa na Karoli Lwanga. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Lwanga aliwabatiza wenzake kadhaa waliokuwa bado wanafunzi wa dini, na mmoja wao ni Kizito, kijana wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa kwa Bwana mwaka huo, walichomwa moto Namugongo wakiwa wamefungwa katika matete, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mashahidi waliookoka walisimulia ya kuwa walikwenda motoni wakisali. Je, walisali kwa maneno gani? Saa kama ile mtu hatungi maneno mapya. Huja yale yaliyokwisha kukaa kinywani. Kama vijana wale wangalisubiri moyo utake ndipo wajifunze kusali, siku ya moto ingaliwakuta mikono mitupu.

Tumeyaandika hayo ya Namugongo kwa hofu kidogo, maana ni rahisi kusimulia ujasiri wa watu wengine. Kwa hiyo tutasema na jambo letu, ingawa si la ujasiri.

Mwaka mmoja tulifiwa na mtoto wa kike wa miaka 4, kwa homa ya siku tatu. Baada ya matanga tulirudi kazini, na juma lile lile zamu ya kuongoza sala ilikuwa yetu. Tungeweza kuomba mwenzetu atushike mkono, asingekataa. Hatukuomba, si kwa sababu ya imani, bali kwa sababu hatukutaka kuulizwa maswali. Basi tukasimama mbele ya wanafunzi, tukasoma maneno ya kumshukuru Mungu kwa kutulinda usiku na kutufikisha asubuhi. Twawaambia kweli, wasomaji, maneno yale yalikuwa kama mchanga mdomoni. Na jioni tukayasoma tena mengine. Hali hiyo ilichukua miezi. Tulipiga magoti kama mtu akaaye kituoni bila kujua kama gari litakuja.

Wakati ule nasi tulijiuliza swali la kijana. Lililotushika halikuwa hoja yoyote kati ya hizi tulizozieleza. Tulikuwa hatujazifikiri bado. Zilitushika sauti za watoto. Siku ambazo tulishindwa kuimaliza sentensi, wao waliimaliza, maana waliijua. Maneno hayakuwa yetu peke yetu, kwa hiyo hayakuanguka chini tulipoyaachia. Hata asubuhi moja, katika Sala ya Bwana, tulipofika mahali pa kuomba mapenzi ya Mungu yafanyike, koo likafunga, na machozi ambayo hayakutoka tangu maziko yakatoka mbele ya wanafunzi wote. Wao wakaendelea mpaka mwisho. Hatusemi ya kuwa huzuni iliondoka siku hiyo, wala haijaondoka. Wala hatusemi ya kuwa Mungu hana mahali pengine pa kumpatia mtu ila kanisani. Yeye alimpata Hajiri jangwani na Yona ndani ya samaki. Lakini sisi alitupata pale, katika sentensi tuliyoisema mamia ya mara bila kusikia kitu, na kama tungalikuwa tumeacha kuisema, sijui angalitupatia wapi.

Sasa tuseme habari za moyo ule wa pili, ulio kinyume, tusije tukadhaniwa ya kuwa twayatetea mazoea ya kila namna.

Tuliwahi kugombana na mwalimu mwenzetu kwa ajili ya jambo dogo, mahindi ya shamba la shule na nani ameyahesabu vibaya. Kwa majuma matatu hatukuamkiana. Naye alikuwa msoma sala kama sisi, leo yeye, kesho sisi, na wanafunzi, ambao hujua kila kitu, walikuwa wakitutazama. Katika majuma yale tulijifunza ustadi mmoja mbaya. Tulipofika katika ombi la kusamehewa kama tunavyosamehe, tuliliharakisha, kama mtu apitaye upesi mbele ya duka analodaiwa. Moyo haukuwa mbali hata kidogo. Ulikuwapo macho wazi, ukilikwepa neno. Huo ndio unafiki, nasi twaujua kwa kuwa tumeukalia.

Hata hivyo yafaa kuangalia ni nini kilichotuponya. Ni mazoea yale yale. Tungalikuwa watu wa kusali tutakapo, na kwa maneno tutakayo, tungalichagua maombi mazuri juu ya mvua na juu ya wagonjwa, na neno lile la kusamehe tungaliliacha mwaka mzima bila mtu kujua. Lakini sala iliyowekwa haikutuuliza tunataka nini. Kila asubuhi neno lilikuwa pale pale mahali pake, na kila jioni tena, likitudai. Mwishowe tulichoka kulikimbia. Jioni moja tukaenda kwake, tukapiga hodi. Alikuwa akipukuchua mahindi barazani, na mkewe akatutolea kigoda. Tulipukuchua pamoja kitambo kizuri kabla mmoja wetu hajasema neno. Kisha likasemwa, na halikuwa refu.

Kwa hiyo jibu letu kwa kijana, na kwa wote waulizao kama yeye, ni hili. Moyo ukiwa haupo, usiache sala, maana hapo ndipo mahali pa kuurudishia. Moyo ukiwa kinyume, usiache sala vilevile, ila jua ya kuwa itakusumbua, nawe uiache ikusumbue. Sala ya kuogopwa ni ile isiyosumbua tena mtu, aliyoizoea hata akajifunza mahali pote pa kuharakisha.

Tumeombwa na baadhi ya wazazi tuseme na habari za sala nyumbani. Hapa tutasema machache, maana kila nyumba ina saa zake. Bibi yetu mzaa mama hakujua kusoma. Usiku kabla ya kulala alikuwa akifukia kaa la moto katika majivu ya meko, na alfajiri akiliinamia na kulipuliza, alikuwa akisali papo hapo, kati ya pumzi na pumzi, maneno machache ya ubatizo wake. Hatukuwahi kumwona akipiga magoti kwa muda mrefu, kazi hazikumruhusu. Lakini sisi wajukuu tuliolala jikoni tuliamshwa na sauti ile kila siku, na hata leo tukisikia harufu ya moshi wa alfajiri midomo yetu hutikisika. Hivyo mzazi asidhani ya kuwa lazima awe na kitabu na nusu saa. Lakini saa moja isiyobadilika yafaa sana, na mahali pamoja pasipobadilika, na maneno mafupi ambayo hata mtoto wa miaka 5 aweza kuyamaliza mama akishindwa. Na mkono wa kwanza wa asubuhi usiende kwenye simu. Tunajua ya kuwa huenda huko, maana na wetu huenda.

Jambo moja tu twalikataza kwa nguvu, nalo ni kumgombeza mtoto kwa njia ya sala. Tumekaa katika nyumba ambayo baba alifumba macho, akamweleza Mwenyezi Mungu kwa kirefu habari za mwana aliyevunja taa na binti aliyechelewa kisimani, majina yote yakitajwa. Watoto wale waliisikia hukumu, wala hawakuisikia sala. Ukiwa na neno na mtoto, mwambie mtoto.

Kijana wetu bado yuko shuleni. Juma lililopita orodha ya zamu ilibandikwa, na jina lake lilikuwamo, asome Zaburi siku ya Jumatano. Tulimwita faraghani, tukamwambia ya kuwa siku ile alipotuuliza tulimjibu vibaya, na ya kuwa akitaka tutampa mwingine nafasi hiyo, bila mtu kujua sababu. Akanyamaza kidogo, akatazama chini ya mwembe walikokuwa wenzake.

"Nitasoma, Mwalimu," akasema. "Ila sijui kama moyo wangu utakuwapo."

Tukamwambia, "Soma, mwanangu. Sisi tutakuwapo."